Washington ni jina la nani?

Filamu ya Denzel Washington haijaisha kibandani, tayari ubishi umeanza. Mmoja anauliza kama mwigizaji huyu ni wa ukoo wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Mwenzake anamkatiza: haiwezekani, yule alikuwa Mzungu na huyu ni Mweusi, basi mababu zake walikuwa watumwa wa rais wakapachikwa jina la bwana wao. Wa tatu anadai Washington ni mji, na mtu haitwi mji. Ubishi huu nimeusikia mitaani na kuusoma mitandaoni mpaka naujua kwa ghibu, na kila mara naona watu wanateleza pale pale: wanalichukua jina la ukoo kama cheti cha damu, au kama alama ya kumilikiwa.

Sitazungumzia nasaba ya mwigizaji huyo, maana hilo ni lake na jamaa zake. Nitazungumzia jina lenyewe. Lilianzia kaskazini mwa Uingereza zaidi ya miaka 800 iliyopita, likapita kwenye biashara ya sufu, kwenye tumbaku na kwenye utumwa, mpaka likawa jina ambalo leo huko Marekani hubebwa zaidi na Weusi kuliko Wazungu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo kwetu huchanganywa. Ukiitwa Juma Hamisi Salehe, Hamisi ni ubini wako, yaani jina la baba, na Salehe ni la babu. Mwanao ataitwa, tuseme, Ali Juma Hamisi. Salehe ameshatoka. Majina yanasogea kila kizazi kama watu kwenye foleni. Jina la ukoo halisogei. Baba, mwana, mjukuu na kitukuu wote wanalo lile lile, hata kama aliyelianzisha hakuna anayemkumbuka. Pwani yetu tunayo majina ya namna hiyo. Al-Barawi, kwa mfano, ni mtu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Mtu anaweza kuzaliwa Unguja, asikanyage Barawa maisha yake yote, na bado akaitwa Barawi kwa sababu mzee wake wa zamani alitoka huko.

Waingereza nao hawakuzaliwa na majina ya ukoo. Wanormani walipovuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka nchi yao mwaka 1066, mtu wa kawaida alikuwa na jina moja tu, na likamtosha. Shida ilianza pale kijiji kilipokuwa na akina John wanne. Ikabidi watu waseme John yupi. John mhunzi akawa Smith, maana smith ni mhunzi. Mwana wa John akawa Johnson. Mwenye mikono ya nguvu akawa Armstrong. Na yule mgeni aliyehamia kutoka kijiji kingine akaitwa kwa kijiji alikotoka. Kazi, baba, sifa na mahali: karibu majina yote ya ukoo ya Kiingereza yalichimbukia kwenye mojawapo ya visima hivyo vinne.

Mwanzoni yalikuwa majina ya utani tu, yakifa na mwenyewe. Wenye ardhi ndio waliotangulia kuyashikilia, kwa sababu jina lilisaidia kuonyesha shamba ni la nani na nani atalirithi. Wakulima wakafuata polepole. Serikali nayo ilitaka kujua inamdai nani: kodi ya kichwa ilitozwa mwaka 1377, tena 1379, tena 1381, na karani wa kodi hawezi kuandika John tupu. Kufikia mwaka 1400 hivi Waingereza wengi walikuwa na jina la ukoo. Mwaka 1538 makanisa yakaamriwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na maziko, na hapo majina yakazidi kuganda.

Washington ni jina la mahali. Na hapa kuna uzushi wa kwanza wa kuondoa, ambao kila ajuaye Kiingereza kidogo huuingia: kwamba ni neno lile la kufua na kuosha, basi huo ulikuwa mji wa madobi. Hapana. Hakuna uoshaji wowote ndani yake. Wataalamu wa majina ya mahali wanalitafsiri kutokana na Kiingereza cha kale, lugha ambayo Mwingereza wa leo haielewi mpaka aisome darasani. Kipande cha mwisho, tun, kilimaanisha shamba lenye makazi, yaani boma la watu. Kile cha kati, ing, kilihusu watu wa fulani. Cha mwanzo ni jina la mtu, Wassa au Hwassa. Ukiunganisha unapata makazi ya watu wa Wassa.

Mtu wa Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi. Tuna mtaa unaitwa Kwa Aziz Ali. Mwenyewe hayupo, lakini anayepanda daladala anasema anashuka Kwa Aziz Ali bila kumfikiria mtu yeyote. Washington ni Kwa Wassa. Tofauti ni kwamba Aziz Ali tunajua alikuwa mtu wa kweli mwenye kazi na familia, ilhali Wassa amebaki jina tu. Hakuna anayejua alikuwa nani, wala aliishi mwaka gani hasa. Hilo hunigusa kila nikilifikiria: mmoja wa miji yenye nguvu kuliko yote duniani unaitwa kwa jina la mtu asiyejulikana.

Kijiji chenyewe bado kipo. Kiko kaskazini mashariki mwa Uingereza, katika eneo la kale la Durham, na leo ni sehemu ya manispaa ya Sunderland. Zamani kilikuwa katika ardhi ya Askofu wa Durham, aliyekuwa na mamlaka karibu ya kifalme upande ule. Mwaka 1183 askofu aliagiza ardhi zake zote zihesabiwe, na daftari lililotokana na kazi ile linaitwa Kitabu cha Boldon. Humo ameandikwa William de Hertburn. Alikuwa akishikilia kijiji cha Hertburn, akabadilishana na askofu akapewa Wessyngton, kama walivyoliandika wakati ule. Alitakiwa kulipa pauni 4 na kuja na mbwa wanne wa kuwinda kila askofu alipofanya msako mkubwa.

William alipohamia akaacha kuitwa de Hertburn, akaitwa de Wessyngton. Hilo de ni la Kifaransa cha Wanormani, nalo ni kama wa au kutoka kwetu. Hebu tazama jinsi jina lilivyokuwa jepesi bado: mtu amehama kijiji, na jina limehama naye. Watoto wake ndio waliobaki nalo. Vizazi kadhaa baadaye hata wale waliohama Wessyngton hawakubadilisha tena, na ile de ikadondoka. Hapo ndipo lilipogeuka kuwa jina la ukoo.

Tahajia haikutulia kwa miaka mingi. Utakuta Wessyngton, Wessington, Wassington. Mkuu wa watawa wa Durham kuanzia mwaka 1416 hadi 1446 alikuwa John Wessington. Karani aliandika alivyosikia, kama ambavyo kwetu mtu mmoja anaweza kuwa Mohamedi kwenye cheti cha kuzaliwa na Muhammad kwenye pasi ya kusafiria. Kwa hiyo anayesema jina la fulani ni tofauti kwa sababu ya herufi moja, aachane na hoja hiyo kabisa kwa karne zile.

Kuna jambo moja zaidi kabla hatujaondoka Durham. Kijiji kingine kinachoitwa Washington kipo kusini, katika eneo la Sussex. Mahali pawili, jina moja. Kama mtu aliweza kuitwa kwa kijiji alikotoka, basi tangu hapo nyuma isingewezekana kuapa kwamba kila Washington ni ndugu wa mwenzake.

Tulifuate tawi linalotufikisha Marekani. Baadhi ya wana wa ukoo walihamia Lancashire, na kutoka huko Lawrence Washington akashuka hadi Northampton, katikati ya nchi, akafanya biashara ya sufu. Alifanikiwa. Alikuwa meya wa Northampton mwaka 1532 na tena mwaka 1545. Siku zile Mfalme Henry VIII alikuwa akizifunga nyumba za watawa na kuuza mali zao, na mwaka 1539 Lawrence akanunua kwake shamba la Sulgrave, lililokuwa la watawa. Nyumba ya Sulgrave ingali wima na wageni huitembelea.

Utajiri haukudumu vizazi vyote. Mmoja wa wazao wake, naye aliitwa Lawrence, alikuwa kasisi wa Purleigh, Essex. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na bunge vilipozuka, yeye akawa upande wa mfalme, na mwaka 1643 upande wa bunge ukamfukuza kazi kwa tuhuma za ulevi. Kama alikuwa mlevi kweli au tuhuma zilikuwa za kisiasa, ni vigumu kuamua leo, ila kwa ukoo matokeo yalikuwa yale yale: mwanawe John hakuwa na cha kurithi. Akaingia kwenye meli ya biashara ya tumbaku. Mwaka 1657 meli ile ilikwama katika mto Potomac, Virginia, ikiwa na shehena yake. John akabaki. Akamwoa Anne Pope, binti wa mwenye mashamba, na baba mkwe akawapa ardhi.

Kwa hiyo jina Washington lilifika Amerika kwa kasisi kufukuzwa na meli kukwama. Kitukuu cha John ndiye George, aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1732.

George mwenyewe hakuhangaika sana na mababu. Mwaka 1791, akiwa rais, ofisa mkuu wa nembo za ukoo kutoka London alimwandikia kumuuliza asili yake. Akajibu kwa adabu, akaeleza alichokijua, na akakiri kwamba ni jambo asilolitilia maanani.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali la kwanza la kibandani. George Washington hakuzaa. Mkewe, Martha, alikuwa mjane mwenye watoto wa ndoa ya kwanza, nao waliitwa Custis. Hakuna mzao wa kuzaliwa na George anayejulikana. Wazungu wa Marekani wanaoitwa Washington wanatokana na ndugu zake, binamu zake, au watu wengine wenye jina hilo. Nyumba yake ya Mount Vernon yenyewe hatimaye ilirithiwa na mpwa wake, Bushrod Washington, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Anayejiita mjukuu wa rais huyo, awe wa rangi yoyote, ana kazi kubwa ya kuthibitisha.

Swali la pili ni zito zaidi, na ndilo linalohitaji subira. Ni kweli George Washington alimiliki watu. Alirithi watumwa kumi akiwa na umri wa miaka 11. Alipofariki tarehe 14 Desemba 1799, Mount Vernon palikuwa na watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa wake mwenyewe. Waliobaki wengi walikuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa Martha, na wengine wapatao 40 walikuwa wa kukodi. Katika wosia wake aliagiza wale wake waachwe huru Martha atakapokufa, na Martha akawaacha mapema, tarehe 1 Januari 1801. Wale wa urithi wa Custis hawakuachwa. Waligawanywa kwa warithi, mume huku na mke kule.

Sasa fikiri. Watu 123 walioachwa huru kwa wosia ule hawawezi kuwa chanzo cha jina lote hili. Na wengi wa watu wa Mount Vernon wala hawakuitwa Washington. Aliyekuwa karibu na George kuliko wote ni William Lee, mtumishi wake aliyekuwa naye vitani miaka yote. Lee lilikuwa jina la mwenye kummiliki zamani, na William alibaki nalo hata baada ya kununuliwa. Yeye peke yake ndiye wosia ulimpa uhuru papo hapo, na akafa akiitwa Lee.

Aliyechukua Washington alikuwa mwingine, na kisa chake napenda kukisimulia kila ninapopata nafasi. Harry alizaliwa kandokando ya mto Gambia karibu mwaka 1740, akauzwa ng'ambo, na mwaka 1763 akanunuliwa na George Washington. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza, Waingereza waliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga nao. Mwaka 1776 Harry akatoroka Mount Vernon, akaenda kwa Waingereza. Wakati bwana wake anapigania uhuru wa taifa, yeye alikuwa upande wa pili akipigania wake. Waingereza waliposhindwa walimchukua kwa meli hadi Nova Scotia mwaka 1783, na kwenye daftari la meli ameandikwa Harry Washington. Mwaka 1792 akavuka tena bahari na kurudi Afrika, Sierra Leone. Huko mwaka 1800 aliingia kwenye uasi wa walowezi Weusi dhidi ya kampuni ya Kiingereza iliyowatoza kodi ya ardhi, akahukumiwa kuhamishwa. Kuna Washington wawili walioasi Waingereza kwa sababu ya kodi, na mmoja alizaliwa Gambia.

Jina lilipotapakaa hasa ni baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865. Watu wapatao milioni 4 walitoka kwenye hali ambayo sheria haikuwatambua kwa jina la ukoo. Baadhi walikuwa nalo kwa siri tangu zamani, wakijuana nalo wenyewe kwa wenyewe bila bwana kujua. Wengine walichukua jina la bwana wao, wakati mwingine kwa sababu ya kawaida kabisa: ndugu aliyeuzwa mbali akirudi kuwatafuta, atawatafuta kwa jina analolijua. Wengine walikataa kabisa jina la bwana, wakajichagulia.

Mfano unaojulikana zaidi ni Booker T. Washington. Alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1856. Baada ya uhuru alipelekwa shule, na mwalimu alipokuwa akiita majina akagundua kwamba wenzake wote wana majina mawili, wengine hata matatu, na yeye ana Booker tu. Alieleza baadaye kwamba zamu yake ilipofika alijibu kwa utulivu kuwa anaitwa Booker Washington. Hakuwa mtumwa wa yeyote aliyeitwa hivyo. Baba yake wa kambo, naye aliyekuwa mtumwa, aliitwa Washington Ferguson, yaani Washington lilikuwa jina lake la kwanza. Mtoto akalichukua, likawa la ukoo. Mwaka 1881 akaanza kuijenga shule ya Tuskegee, na elimu ya kazi za mikono aliyoihubiri ilikuja kupigiwa debe mpaka huku kwetu: tume ya elimu ya Phelps-Stokes iliyopita Afrika Mashariki mwaka 1924 iliisifia, na Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete mwaka uliofuata.

Kwa nini Washington na si jingine? Lilikuwa tayari limeenea kama jina la kwanza, Weusi kwa Wazungu, kwa heshima ya rais. Mwandishi Washington Irving alizaliwa mwaka 1783, mwaka vita vilipokwisha, akaitwa kwa jina la jenerali. Kwa mtu anayeingia uraia kwa mara ya kwanza, lilikuwa jina la nchi yenyewe. Mimi nadhani hapo ndipo penye kiini: kulichukua kulikuwa kudai sehemu katika taifa. Wazungu wenye jina hilo walikuwa wachache, Weusi waliolichukua walikuwa wengi, na hesabu ikageuka. Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 iliwakuta watu 163,036 wenye jina la ukoo Washington, na asilimia 90 kati yao walikuwa Weusi. Jefferson, jina la rais wa tatu, lilikuwa asilimia 75.

Wapo pia waliolivaa kwa ajili ya jukwaa tu. Mwimbaji Dinah Washington alizaliwa Ruth Jones.

Uzushi mwingine nitaupitia haraka. Watu huuziwa picha za nembo ya ukoo wao kwa sababu tu jina linafanana. Kwa utaratibu wa Kiingereza nembo hupewa mtu na wazao wake wa haki, si kila mwenye jina. Nembo ya wale wa Sulgrave, milia miwili myekundu na nyota tatu nyekundu juu ya nyeupe, ndiyo iliyogeuzwa kuwa bendera ya jiji la Washington mwaka 1938. Kwamba bendera ya Marekani ilitokana nayo hakuna ushahidi. Na wale wanaochanganya jiji na jimbo: jiji liko mashariki, lilipewa jina mwaka 1791 George akiwa hai, na jimbo liko magharibi kabisa, limekuwa jimbo tangu 1889.

Kwetu Afrika Mashariki majina ya ukoo ya Kiingereza yaliingia kwa mlango unaofanana kidogo na huo. Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, India, alikuwa miongoni mwa waliousafirisha mwili wa Livingstone kutoka bara hadi pwani, na alihudhuria mazishi yake London mwaka 1874. Wainwright ni fundi wa kuunda mikokoteni. Mwenzake wa safari ile, Matthew Wellington, alifariki Mombasa mwaka 1935. Wellington ni mji wa Somerset, Uingereza. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chengwimbe. Hawa hawakuwa na nasaba na fundi wala na mji. Na nchini Kenya Washington limekuwa jina la kwanza, kama lilivyokuwa kwa yule Ferguson: Profesa Washington Okumu, aliyesaidia kumshawishi Buthelezi, kiongozi wa chama cha Inkatha, aingie kwenye uchaguzi wa Afrika Kusini wa Aprili 1994, jina la ukoo wake ni Okumu.

Basi anayetaka kweli kujua Washington fulani ametokana na nani afanyeje? Ataanza na wazee walio hai, kisha vyeti, kisha arudi nyuma hadi sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliokuwa wametoka utumwani. Akivuka hapo anakutana na orodha za watumwa za mwaka 1860 na 1850. Anachukua umri wa mtu wa 1870, anatoa miaka kumi, na kutafuta mstari unaolingana: mwanamke, miaka 31, mweusi; mtoto wa kiume, miaka 4, mweusi. Kisha analinganisha na wosia na hati za mauziano za wenye mashamba wa eneo lile, maana kwenye orodha zile jina la mmiliki limeandikwa kwa ukamilifu, na la mtumwa halikutengewa hata safu.